Ng'ombe wa Nne na Meza ya Bwana

"Hata kuku hajawahi kuleta kwa wakwe zake. Huyu ndiye atapewa kondoo wa Bwana awachunge?"

Maneno hayo aliyasema Baba Mdogo Barasa, ndugu ya marehemu baba mkwe wangu, katika matanga ya jirani yao huko Lumakanda. Mimi nilikuwa nimeketi papo hapo na sahani ya obusuma, yaani ugali, magotini. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana mkwe ambaye hajatoa mahari hana budi kucheka kila kinachochekwa. Na si yeye peke yake aliyesema. Fundi mwenzangu kule Nairobi, nilikokuwa nikishona viti vya magari, alisema mtu aliyeacha shule darasa la nane hawezi kurudi darasani akiwa na mvi kidevuni. Dada yangu Agneta, ambaye ananipenda kuliko wote, alisema, "Zablon, wewe ukianza kitu humalizangi. Hata nyumba yako ina madirisha upande mmoja."

Basi nisikilizeni vizuri, vijana. Nilimaliza. Nyumba ina madirisha pande zote. Diploma yangu ya theolojia imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona, na nimetumika kama mchungaji aliyewekwa wakfu mpaka nikastaafu kwa heshima na keki. Nilirudi Kakamega kutoka Nairobi na cherehani moja na mke mmoja, na kila mlichosikia nimekipata, nilikipata kwa mikono hii. Kama najisifu, nina haki. Wengi hujisifu kwa vya baba zao.

Ninaandika kwa sababu ya swali. Kwangu si mbali na Sigalagala, na vijana wa pale politekniki hupita jioni wakinikuta barazani. Mmoja wao, anayesomea uchomeleaji vyuma, aliniambia bila haya kwamba yeye pia sasa ni mchungaji. Alijaza maelezo yake kwenye simu, akalipa ada, akatumiwa cheti. "Mchungaji," akaniuliza, "kuwekewa mikono kunasaidia nini hasa? Si Mungu ndiye anayeita?"

Ni swali zuri. Nilimwambia akae. Alikuwa na haraka, akaenda. Kwa hiyo namjibu hapa, yeye na wenzake, nao wasome wakipata nafasi.

Mungu ndiye anayeita, ni kweli. Mimi aliniita nikiwa bado nashona viti, nikarudi nyumbani nikafanywa mwinjilisti. Mwinjilisti huhubiri, huombea wagonjwa, hufundisha watoto, hupanga viti, huamua ugomvi wa kwaya. Lakini habatizi, hafungishi ndoa, na hagawi Meza ya Bwana. Hayo humngoja mchungaji, na mchungaji wetu wakati huo alikuwa na makanisa mengi kuliko siku za mwezi. Tulimwona mara chache kama tunavyomwona mbunge, ila yeye alikuja hata kama hakuna uchaguzi.

Katika kanisa langu kulikuwa na mzee aliyeitwa Lumbasi, mtu aliyebeba mawe ya msingi wa kanisa lile kichwani. Aliugua msimu wa mvua. Akaniita kitandani kwake, akasema, "Zablon, nataka mkate na kikombe kabla sijaenda."

"Nimemtumia mchungaji habari, Mzee. Yuko njiani."

"Njia gani? Husikii mvua? Nipe wewe. Si wewe husomanga kila Jumapili?"

"Sijawekewa mikono, Mzee."

Akanishika kiganja, akakigeuza kama mtu anayekagua hindi kama limekauka. "Mikono yako ina nini?"

"Ina sugu tu," nikasema.

"Basi tungoje yake," akasema, wala hakukasirika. Tukangoja. Mchungaji alifika kesho yake, suruali ikiwa na matope mpaka kiunoni, amekuta daraja limechukuliwa na mto akazunguka kwa miguu. Alikuta tunachagua ubao wa jeneza.

Kuna watakaosema ningempa tu. Nani angejua? Nimelifikiria hilo miaka yote na bado nasema hapana. Ningemgawia mkate wangu, angekula mkate wa Zablon. Yeye hakuwa na njaa. Alitaka ule uliotumwa na kanisa lote, lile alilobebea mawe, umfikie kitandani kupitia mkono ambao wengine wameujaribu wakaukubali. Hiyo ndiyo maana ya kuwekwa wakfu. Huji kwa jina lako. Mtu anayekufa hahitaji kujua wewe ni mzuri kiasi gani. Anahitaji kujua umetumwa.

Siku tulipomzika Mzee Lumbasi niliapa kimoyomoyo kwamba nitakuwa mchungaji, na kwamba chini yangu hakuna mtu atakayeondoka duniani akiitamani Meza ya Bwana. Kiapo hicho kilikuja kunikamata shati, kama mtakavyoona.

Kwanza ilikuwa masomo. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtu mzima, kisha chuo cha theolojia, nikikaa katikati ya vijana walioniita Kuka, yaani babu. "Kuka, umepata jibu la swali la tatu?" Nilikuwa nimelipata. Walinakili kwangu mpaka tukahitimu. Kigiriki kilinishinda mwanzoni, halafu mimi nikakishinda.

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa kuliko Kigiriki. Kanisa letu halimweki wakfu mtu ambaye hajafunga ndoa kanisani, na mimi na Roselida wangu tulikuwa tumeanza maisha Nairobi kama wengi wanavyoanza: alikuja kunitembelea, mvua ikanyesha, hakurudi kwao. Tulikuwa na watoto tayari. Ili tufunge ndoa, wazee wa kwao wakubali. Ili wakubali, mahari itolewe. Wazee wa Lumakanda walitaja ng'ombe wanne, mitamba yote, na Baba Mdogo Barasa alikuwa wa kwanza kuinua vidole vinne hewani nisije nikasahau.

Sikuwa na hata mmoja. Hapo ndipo nilipojua watu. Wa kwanza kuniazima alikuwa Mzee Abdalla wa Matungu, mfanyabiashara niliyemshonea viti vya lori. Nilimweleza shida yangu nikitazama chini. Akasema, "Bismillahi, mchukue yule wa kando. Mtu wa dini asiishi na mwanamke bila ndoa, iwe ya kwetu ama ya kwenu. Utanirudishia ukizalisha." Wa pili alitoka kwa dada yangu Agneta, yule yule wa madirisha. Wa tatu kwa mfugaji mmoja wa Bukura, mteja wangu, ambaye alinipa kwa sharti kwamba nisimwombe tena kitu chochote maishani. Ng'ombe wa nne sikumpata. Siku ikafika, nikaenda Lumakanda na watatu.

Mnajua mkutano wa mahari ulivyo. Wanaume sebuleni, wanawake jikoni, na mkwe amekaa kama mshtakiwa. Barasa alitoka akahesabu ng'ombe waliofungwa, akarudi.

"Naona watatu. Ama macho yangu yanalala?"

"Ni watatu, Baba. Wa nne naomba muda."

"Muda tulikupa. Watoto wangapi umezaa kwa huo muda?"

Wazee wakaanza kuvaa kofia. Ndoa ilikuwa inatoka mlangoni na kola yangu ya uchungaji ikiwa nyuma yake. Ndipo tukasikia sauti ya mama mkwe wangu kutoka jikoni. Hakutokea. Kwetu Waluhya mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hata njiani mmoja huchepuka kwenye mahindi mwenzake apite. Si uadui, ni heshima. Alisema kupitia ukutani: "Ng'ombe wa nne yuko. Hesabuni wanne, amemaliza. Leteni chai."

Wazee wakavua kofia. Nami nikashukuru kimoyomoyo, nikidhani mama amenisamehe yule wa nne.

Tulifunga ndoa. Mwaka uliofuata nikapiga magoti mbele ya kanisa, na wachungaji wakaweka mikono kichwani pangu. Nataka kuwaambia kitu ambacho cheti cha simu hakiwezi kukupa: uzito. Mikono ile ilikuwa mingi, ya wanaume na wanawake, mmoja wao alikuwa amekula samaki asubuhi, na wote walikandamiza. Shingo yangu iliuma siku mbili. Nilikuwa nimezoea kujiinua mwenyewe katika maisha. Siku ile, kabla ya kuinuliwa, niliinamishwa na watu wanaonijua. Yule kijana wa kuchomelea anaelewa vyuma. Kiungo ambacho hakijaegemewa hakijulikani kama kimeshika.

Kazi yenyewe nitawaambia kidogo, maana kuna mambo hayafundishwi chuoni. Ukienda kubatiza, uliza jina la mtoto mlangoni, tena kwa nyanya yake, kwa sababu baba na mama mara nyingi hawajakubaliana. Mtoto mshike kichwa kwa kiganja cha kushoto, maji yawe ya uvuguvugu. Mtoto akilia sana watu husema mchungaji hana upako. Mazishi, hakikisha jeneza limeshuka kabla ya saa nane mchana, kwani mvua ya Kakamega haimwogopi hata askofu. Kipaza sauti usimpe mwanasiasa mkononi. Kishike wewe, umwelekezee, na mkono wako ukichoka na yeye atakuwa amemaliza. Nyumba yoyote ukikaribishwa chakula, kula. Nilikula ingokho, kuku wa kwetu, nyumba nne siku moja ya sikukuu, na katika nyumba ya nne nilimwomba Mungu nguvu kuliko nilivyomwomba madhabahuni. Na beba leso mbili: moja yako, moja ya anayelia.

Ndoa nayo, serikali hukupa leseni ya kufungisha. Niliwahi kufungisha ndoa ya watu wenye wajukuu, bwana harusi akatetemeka kama mtoto wa shule. Kisha akaniambia, "Mchungaji, sasa nikifa huyu mama hatafukuzwa nyumbani." Sahihi yangu ilikuwa ukuta wa nyumba yake. Msiseme haina kazi.

Katika parishi yangu ya kwanza nilizalisha ng'ombe, nikarudisha wale niliokopa mmoja baada ya mwingine. Mzee Abdalla alimzunguka mtamba wake, akampiga mgongoni, akasema, "Mashallah, Padre, umenirudishia mzuri kuliko niliyekupa." Agneta alilia. Wa Bukura alinikumbusha sharti lake. Halafu nikahamishwa, na mahali nilipohamishiwa, kanisa kwa hekima yake, ni Lumakanda. Kwa wakwe zangu.

Jumapili ya kwanza niliwaeleza watu wa Lumakanda mimi ni nani. Sikufupisha. Nairobi, cherehani, mtihani, Kigiriki, diploma. Nikamtazama Baba Mdogo Barasa pale benchi ya mbele nikasema, "Na kila mtu aliyeniazima ng'ombe nimemrudishia. Leo nasimama hapa sina deni la mtu yeyote." Watu wakapiga makofi. Nikageukia Meza ya Bwana, na nilipokuwa nikifunua kitambaa nikamwona mama mkwe wangu ameinuka kwenye benchi ya nyuma, amejifunga leso vizuri, akatoka nje.

Nikajua ni ile heshima yetu. Katika kanisa letu watu hupiga magoti mbele, na mchungaji humwekea kila mmoja mkate kiganjani. Mama mkwe apige magoti mbele ya mkwe, aguswe mkono? Atazoea, nikasema.

Hakuzoea. Miezi ikapita. Kila Meza ya Bwana alitoka kabla kitambaa hakijafunuliwa. Mama yule alikuwa mjane wa mtu aliyetoa kiwanja cha kanisa, hakuwahi kukosa Meza chini ya mchungaji yeyote kabla yangu. Roselida aliniambia jikoni, bila kuniangalia, "Tangu uje, mama hajala mkate wa Bwana." Usingizi ukanitoka. Niliapa kuwa mchungaji ili pasiwe na Mzee Lumbasi mwingine, na sasa uchungaji wangu ndio uliokuwa umesimama kati ya mama huyu na meza.

Nilijaribu akili zangu zote, nazo si chache. Nilihubiri kwamba mbele ya Mungu hakuna mkwe wala mzazi, sote ni watoto. Jibu lilikuja kupitia Roselida: "Mama anasema, mbele ya Mungu ni kweli. Lakini tukitoka kanisani tunarudi mbele ya watu wa Lumakanda." Nilimtuma mzee wa kanisa ampelekee mkate kule nyuma alikokaa. Akakataa: "Niletewe pembeni kama mgonjwa? Ama mimi ni mwizi?" Nilimwomba mchungaji jirani aje, akaja mara moja, mama akashiriki akafurahi, mara ya pili mwenzangu alikuwa na mazishi matatu. Mtu hawezi kuazima mchungaji kila mwezi.

Kisha mama akashikwa na kichomi. Alilazwa, na Roselida akanipigia simu niende na vyombo vyangu vya ushirika. Nilisimama kwenye mlango wa wodi, nisithubutu kuingia zaidi. Nikasema, "Mama, nimeleta Meza." Aliniangalia kidogo, macho ya huruma kabisa, kisha akageukia ukuta.

Nilitoka nikaketi kwenye benchi la nje. Senge Marita alinikuta hapo. Senge ni shangazi, dada ya baba mkwe wangu. Masenge wana ruhusa ya kumtania mtu yeyote, na yeye aliitumia ruhusa hiyo yote.

"Mchungaji, unajua kuhesabu?"

"Nina diploma, Senge."

"Hiyo diploma inasema ulirudisha ng'ombe wangapi?"

"Watatu."

"Na mahari ilikuwa wangapi?"

"Wanne. Lakini wa nne mama alisamehe."

"Ulimsikia akisema amesamehe? Alisema yuko. Na alikuwako! Mtamba wake mwenyewe, wa kahawia, mwenye alama nyeupe usoni, aliyemnunua kwa mahindi yake. Kesho yake asubuhi Barasa alikuja na kamba akamchukua, kwa sababu mahari ya binti ni ya ukoo. Mama alilipa mahari ya mtoto wake, mwanangu. Halafu wewe ukasimama kanisani ukasema huna deni. Umehesabu kama mtu anayehesabu wenzake safarini akajisahau mwenyewe."

Nikamwuliza, "Mbona hakusema?"

"Amwambie nani? Wewe? Kwa mdomo gani, na hata njiani akikuona anachepuka?"

"Angemwambia Roselida."

"Amdai binti yake mahari yake mwenyewe? Hiyo umeiona wapi?" Akaketi kando yangu, sauti ikapoa. "Sikiliza. Ile haya kati ya mkwe na mama mkwe huwa na mwisho. Mkwe akimaliza mahari, huleta blanketi, mama humpikia kuku, wanashikana mikono mbele ya watu, haya imeisha. Lakini mkwe mwenye deni hashikwi mkono. Yule mama hakukatai wewe, na Meza ndiyo kabisa haikatai. Anangoja tu njia ifunguke, na mwenye kuifungua ni wewe."

Mama alipata nafuu akarudi nyumbani. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kuliko nilivyomshukuru kwa diploma, na mnajua ninavyoishukuru diploma.

Wazee wa kanisa walipopata habari walitaka kufanya mchango. Mchungaji hakosi mchango. Mzee Abdalla naye alinipigia: "Padre, njoo uchague mwingine." Nilikataa wote. Deni halilipwi kwa deni, na mama alinunua wake kwa jembe lake. Nikatoa cherehani yangu ikitoka vumbi, nikaiweka barazani pa nyumba ya parishi, nikaanza kushona viti vya magari alasiri zote nisizokuwa na kazi ya kanisa.

"Mchungaji mzima," akasema mzee mmoja wa kanisa, "na kola shingoni, unashona kiti cha matatu?"

"Kola naivua kwanza," nikamwambia. "Inabana."

Viti nilivyoshona wakati ule bado vinabeba watu, niwaambie. Siri ni kona: uzi upitishwe kwenye nta, na kona ishonwe mara mbili, kwa sababu abiria hukaa katikati lakini kiti huchanikia pembeni. Mahubiri yangu bora niliyatunga hapo. Watu walikuja na matatizo yao wakanikuta nikishona, wakasema kwa urahisi kuliko ofisini, maana macho yangu yalikuwa kwenye sindano. Jifunzeni kazi ya mikono, wachungaji. Mtu huungama vizuri kwa mtu asiyemkodolea macho.

Ilichukua zaidi ya nilivyofikiri. Nilipokuwa tayari nilizunguka minada nikikataa mitamba mizuri mpaka wauzaji wakaniona sina akili. Nilitaka wa kahawia, mwenye alama nyeupe usoni. Nilimpata, na tena alikuwa na mimba.

Jumamosi nilimvuta kwa kamba kupita barabara kuu ya Lumakanda, mchana, kila mtu aone. Begani nilikuwa na blanketi. Kwapani nilikuwa na kuku. Roselida alinifuata akicheka na kulia kwa zamu. Bomani tulimkuta Senge Marita, na Baba Mdogo Barasa kwenye kiti chake.

"Ng'ombe naelewa," akasema Barasa. "Na huyo kuku?"

"Huyu ni wako, Baba. Ni wa yale maneno ya matangani."

Barasa akacheka mpaka kofia ikaanguka, akampokea kuku kwa mikono miwili, na hakumwachilia hadi tulipoondoka.

"Mama!" Senge akaita. "Toka jikoni. Ng'ombe wako amerudi nyumbani, na ameleta mtu."

Mama mkwe akatoka. Alikwenda kwanza kwa mtamba, akaipapasa ile alama nyeupe, akamwongelesha kwa sauti ya chini maneno ambayo hayakuwa ya masikio yetu. Nikamfunika blanketi mabegani. Kuku wa kupika alikuwa amekwisha kuiva, mama alijua nitakuja. Tukala sahani moja, tonge moja moja, watu wakitazama. Halafu akanyoosha mkono. Miaka yote ile ya kuwa mkwe wake sikuwahi kuugusa. Aliushika wangu, akaugeuza kiganja juu, akakipitishia kidole.

"Kumbe mchungaji ana sugu," akasema.

"Ni za ng'ombe wako, Mama."

Mimi Jumamosi ile na Jumapili iliyofuata huzihesabu kuwa siku moja, siku niliyomaliza kuwalipa wote walioniazima. Kesho yake sikujisifu kanisani, nilihubiri kwa ufupi, watu wakashangaa. Nilipofunua kitambaa niliangalia benchi ya nyuma. Ilikuwa tupu. Kisha nikamwona: alikuwa mbele tayari, amemtangulia hata Barasa, amepiga magoti na blanketi jipya mabegani ingawa jua lilikuwa kali, viganja vimefunguliwa.

Nikakumbuka kiganja changu mkononi mwa Mzee Lumbasi, na swali lake. Nikaweka mkate katika mkono wa mama. Akafunga vidole juu yake, akasema amina kwa sauti ya mtu aliyelipwa.